Jinsi ya Kumpima Dereva wa Mashine ya Nyasi

Ukitaka kujua kama mtu anaimudu mashine ya kukata nyasi ya ziro-teni, usimtazame akiwa katikati ya uwanja. Katikati kila mtu ni fundi: leva mbili zimesukumwa mbele, mashine inakwenda, nyasi zinaruka upande wa kulia, basi. Mngoje afike mwisho wa mstari, pale ambapo hana budi kugeuka na kurudi. Akishapita, nenda alipogeukia, uiname, upapase nyasi kwa mkono. Kama zimelala tu na mizizi imetulia, umepata dereva. Kama tairi limechimba kovu la nusu duara na udongo unaonekana, huyo bado anajifunza, hata kama amekalia kiti hicho miaka kumi.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi huvutiwa na yasiyostahili. Mashine hii, ambayo dereva huikalia, inaweza kuzunguka palepale ilipo, bila kusogea mbele wala nyuma, na anayeiona mara ya kwanza hushangilia. Mwenye kampuni anayetafuta wafanyakazi naye hutekwa na mwendo kasi. Lakini kuzunguka palepale mtu yeyote huweza ndani ya dakika chache, na kasi ni kazi ya injini. Ustadi wa dereva uko mikononi mwake, na ushahidi wake unabaki ardhini.

Siku hizi jambo hili linawahusu wasemaji wengi wa Kiswahili. Katika miji ya Marekani, Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wamo katika vikosi vya kukata nyasi vinavyoanza kazi baridi inapokwisha na kumaliza majani ya miti yanapopukutika. Wengine wameshafungua kampuni zao. Wengine wamenunua nyumba zenye uwanja mpana, na sasa wao ndio wanaoajiri. Wote hao wanahitaji jicho la kuipima kazi.

Chimbuko la mashine hii ni tambarare za katikati ya nchi hiyo. Mwaka 1949, mjini Warrensburg, Missouri, Max Swisher alitengeneza mashine ya nyasi ya kukaliwa, yenye magurudumu matatu, iliyoweza kujigeuza pale ilipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, John Regier wa Kansas akaunda ile ya leva mbili, ambayo ndiyo mama wa karibu zote tunazoziona leo. Ikaja kujulikana kwa jina la Hustler. Hadi leo Hustler hutengenezwa Hesston, na Grasshopper hutengenezwa jirani yake, Moundridge, miji midogo iliyozungukwa na mashamba ya ngano. Huko nyumba moja inaweza kuwa na ekari mbili za nyasi, na kanisa au shule ikawa na zaidi. Trekta dogo la usukani, ambalo halikunji kona mpaka lipate duara pana, hupoteza muda mwingi katika viwanja vya namna hiyo.

Ziro-teni nyingi hazina usukani kabisa. Injini huendesha pampu mbili za haidroliki, na kila pampu hulisha mota ya gurudumu moja la nyuma. Leva ya kushoto ni ya gurudumu la kushoto, ya kulia ni ya kulia. Sukuma zote mbili, inakwenda mbele. Zivute, inarudi nyuma. Zirudishe katikati, inasimama, maana leva hizohizo ndizo pia za kupunguzia mwendo. Ukisukuma ya kushoto zaidi ya mwenzake, mashine inaelekea kulia. Moja mbele na nyingine nyuma, inazunguka. Magurudumu mawili ya mbele hayaongozi chochote, yanafuata tu kama yale ya toroli la supamaketi. Hilo la mwisho ndilo ambalo madereva wengi hulisahau, na tutaliona umuhimu wake tukifika kwenye mteremko.

Anza kumpima kwa mikono. Mwanafunzi hubana leva kwa kiganja kizima, viwiko vimeinuka, mabega yamekaza. Mashine ikiruka kidogo mbele, mwili wake unabaki nyuma na mikono inavuta leva pamoja nao, kwa hiyo mashine inasita. Ikisita, mwili unatupwa mbele, mikono inasukuma, mashine inaruka tena. Utamwona anatikisika hivyo tangu ukuta hadi ukuta, na ukimuuliza atakwambia mashine ni mbovu. Si mbovu. Kinachoiendesha ni uzito wa mwili wake, na ilipaswa kuwa vidole.

Aliyeiva hujitafutia egemeo. Katika uwanja mmoja wa kanisa, nje kidogo ya Wichita, nilimtazama dereva mzee aliyekuwa ameilaza pembe ya kila kiganja juu ya paja, viwiko vimegusa mbavu, na vidole vitatu tu ndivyo vilivyokuwa vikisogeza leva. Uwanja ule ulikuwa na matuta ya fuko. Tairi lilipopanda tuta, kiti kiliruka naye akaruka nacho, lakini kwa kuwa mkono ulikuwa umeegemea paja lake mwenyewe, mkono na leva vilipanda na kushuka pamoja, na mashine haikuyumba hata upana wa kidole. Ukiwa mbali kidogo usingejua anaendesha kwa nini. Mikono ilionekana imepumzika.

Kuna jambo jingine la mikono ambalo halionekani upesi. Anayejifunza husukuma leva zote mbili mpaka mwisho, kisha akitaka kukunja kulia hutafuta kusukuma ya kushoto zaidi, akute haina tena pa kwenda. Fundi hukunja kwa kupunguza. Akitaka kulia, huilegeza leva ya kulia kidogo sana, mashine ikainama upande huo bila kuongeza mwendo. Kwa hiyo sikiliza: dereva anayekunja kwa kuongeza huenda kwa vishindo, na anayekunja kwa kupunguza hukunja kimyakimya.

Macho nayo yanasema. Asiyejua hutazama ncha ya mashine au tairi la mbele, na mstari wake hutoka na mawimbi, kwa sababu kila anachokiona kimeshachelewa kurekebishwa. Ajuaye huchagua kitu kilicho mbali, mlingoti wa bendera au shina la mti ng'ambo ya uwanja, akakikazia macho katika mstari wa kwanza. Mstari huo ukinyooka, iliyobaki yote huufuata. Yale mapigo ya kijani kilichoiva na kijani kilichofifia yanayopendwa kwenye viwanja vya mpira hayatokani na rangi yoyote: nyasi zilizoinamishwa upande usiokuelekea wewe huakisi mwanga zaidi, na zilizoinamia kwako huonekana nyeusinyeusi. Ndiyo maana mapigo hayo ni shahidi mkali. Kila kuyumba kwa mkono kunaandikwa, na mwenye nyumba anaweza kukusoma kutoka dirisha la ghorofani.

Hapa mwamuzi awe mwadilifu, kwa kuwa si kila mstari uliopinda ni kosa la dereva. Mashine yenyewe inaweza kuwa inavuta upande. Ipeleke mahali tambarare, visu vimezimwa, sukuma leva zote mpaka mwisho, utazame inakoelekea. Ikivuta upande mmoja, pima kwanza upepo wa tairi mbili za nyuma, maana tairi lililopungua upepo hukaa chini kidogo kuliko mwenzake, na kwa kila mzunguko husafiri mwendo mfupi zaidi. Tairi zikiwa sawa na bado inavuta, kuna skrubu ya kurekebisha upande unaokwenda kasi. Dereva anayeyajua hayo na kuyafanya asubuhi kabla ya kuwasha visu anastahili alama kabla hajakata jani moja.

Sasa tuje kwenye kugeuka, ambako ndiko kiini cha ufundi huu. Kosa kubwa kuliko yote ni kulisimamisha gurudumu moja na kulizungusha jingine kulizunguka. Gurudumu lililosimama hubeba uzito wa mashine ya kilo mia kadhaa, na uzito huo wote unajisokota juu ya eneo dogo la nyasi. Mizizi inakatika. Ardhi ikiwa na unyevu, nyasi hung'oka na kukunjwa pembeni, na mvua ijayo itatua kwenye udongo mtupu. Kanuni ni kwamba magurudumu yote mawili yasisimame katikati ya kugeuka: la ndani lizunguke polepole, mbele au nyuma, lakini lizunguke. Hata kule kuzunguka palepale, moja mbele na moja nyuma, nyasi huumia ukikufanya kwa ghafla au mara nyingi mahali pamoja.

Wenye ustadi hugeuka kwa hatua tatu. Akikaribia mwisho hupunguza mwendo mapema, hukunja kuelekea upande wa mstari ujao, halafu huvuta leva zote mbili na kurudi nyuma kwa upinde hadi mashine iukabili mstari mpya, kisha husonga mbele. Kwa maelezo ni jambo refu, kwa vitendo ni sekunde chache, na hakuna tairi lililosokota. Angalia hasa ile nukta ya kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine inaporudi nyuma, magurudumu ya mbele hujipindua na kutazama upande mwingine. Inapoanza kwenda mbele tena, hujipindua upya, na wakati wa kujipindua huisukuma pua pembeni. Anayeharakisha hapo hutoka amepinda na kuuanza mstari kwa kuurekebisha. Aliyeiva huacha mashine ijongee kidogo, magurudumu yajipange, ndipo aongeze. Nikiona subira hiyo ndogo sihitaji kumuuliza mtu amefanya kazi hii muda gani.

Pale penye nafasi, dereva mwenye busara atachagua kugeuka kwa upinde mpana bila kurudi nyuma kabisa, na atabadilisha mahali pa kugeukia wiki hadi wiki, hata kubadili mwelekeo wa mistari yote, ili tairi zisikanyage njia ileile. Nyasi zikikanyagwa mahali pamoja msimu mzima, udongo hushindiliwa na maji hayapenyi tena.

Kando ya miti na kuta kuna elimu nyingine. Mashine nyingi za aina hii hutupa nyasi upande wa kulia, kwa hiyo upande wa kukaribia vitu ni wa kushoto. Akiuzungukia mti, mti uwe kushoto kwake, naye aende kinyume cha mwendo wa saa. Akianza na mzunguko wa pembezoni mwa uwanja, ukuta au bustani ya maua iwe kushoto, nyasi zirushwe ndani, zisirushwe kwenye maua wala kwenye magari ya jirani. Halafu kuna suala la mkia. Kitovu cha kugeuka kiko kati ya magurudumu ya nyuma, kwa hiyo pua hufagia duara kubwa mbele, na injini iliyojitokeza nyuma nayo hufagia duara lake. Mwanafunzi hupita sambamba na gari lililoegeshwa, hukunja kuliepuka, na kumbe mkia ndio unaoligonga. Mchunguze dereva kama anageuza shingo kabla ya kukunja. Kama shingo haigeuki, muda si mrefu atalipa bampa la mtu.

Mteremko ndio mtihani usio na marudio. Kumbuka kwamba magurudumu ya mbele hayaongozi. Uzito mwingi uko nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, yanayozuia na yanayokunja. Mashine ikielekea chini, uzito huhama kwenda mbele, tairi za nyuma hupungukiwa na mshiko, na zikiteleza dereva amepoteza mwendo, breki na usukani kwa mpigo mmoja. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 15, yaani takriban sentimita 27 za kupanda kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Kwa jicho panaonekana ni pa kawaida tu, na hapo ndipo penye hatari. Simu yako inaweza kuupima mteremko. Ilaze juu ya ubao ulionyooka kwenye mteremko, usome.

Dereva unayemtaka hupima kabla, huhakikisha nyasi zimekauka, husimamisha upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti na kufunga mkanda. Upinde ukiwa umekunjwa chini, mkanda usifungwe, kwa sababu hapo mashine ikipinduka mkanda humfungia mtu chini yake. Hakunji ghafla wala hasimami ghafla mteremkoni. Hakaribii ukingo wa bwawa, mtaro au ukuta wa kuzuia udongo. Baadhi ya watengenezaji wanashauri kubaki mbali kwa upana wa mashine mara mbili. Tairi zikianza kuteleza, huzima visu na kushuka moja kwa moja, polepole, bila kujaribu kugeuka. Palipobaki hukata kwa mashine ya kusukuma kwa mkono au ya uzi. Anayejisifu kwamba hakuna mteremko uliowahi kumshinda, mimi simwajiri.

Kazi ikiisha, soma uwanja wote, tena kwa kupita. Utepe mwembamba wa nyasi ndefu kati ya mistari miwili maana yake hakuingiliza vya kutosha: mwenye deki, yaani kifuniko cha visu, ya inchi 60 anapaswa kurudia sentimita tano hadi kumi za mstari uliopita, na zaidi kidogo kwenye kona. Vipara juu ya vinundu vya ardhi vinaonyesha kwamba amekata chini mno au amegeuka juu ya kinundu. Nyasi aina ya feskyu, ambazo ndizo nyingi katika viwanja vya Kansas, hupenda kubakizwa na urefu wa sentimita nane hivi. Ukoka, ambao Wamarekani huuita Bermuda, huvumilia kukatwa chini zaidi. Kwa zote, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ncha zilizochanika na kugeuka nyeupe baada ya siku moja au mbili ni kesi ya kisu butu. Upande mmoja wa kila mstari ukiwa juu kuliko mwingine, deki haiko sawa, au ni yale mambo ya upepo wa tairi tena.

Kwa anayejifunza, ninashauri hivi. Tafuta uwanja mtupu na tambarare, zima visu, punguza mzunguko wa injini. Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kwenda: sukuma leva kidogo, zirudishe katikati taratibu, mpaka mashine isimame bila kichwa chako kuyumba. Kisha rudi nyuma kwa mstari ulionyooka, jambo gumu kuliko watu wanavyodhani, ukitazama nyuma muda wote. Kisha panga ndoo mbili tupu, uzizungukie kwa umbo la nane, ukipunguza leva ya ndani badala ya kuongeza ya nje. Mwisho fanya mgeuko wa hatua tatu, kushoto na kulia, mpaka pasibaki alama ya tairi kwenye nyasi. Usiwashe visu kabla ya hapo. Na usifanye mazoezi haya kwenye uwanja wa mteja.

Bado kuna kipimo kimoja, nacho kwangu kinashinda vyote. Ncha za visu hivi hukimbia karibu mita 90 kwa sekunde, na jiwe dogo likipita pale hutoka na kasi ya kujeruhi. Mashine ina kelele, inarudi nyuma haraka, na watoto huvutiwa nayo kutoka mbali. Dereva mzuri hutembea kwa miguu uwanja mzima kabla ya kuwasha, akiokota mawe, mifupa ya mbwa na vitu vya kuchezea vya watoto. Hampakati mtoto hata mwenye nyumba akimwomba amfurahishe. Mtu yeyote akiingia uwanjani, huzima visu palepale na kungoja, hata kama amebakiza mstari mmoja na mawingu yametanda. Ukimpata anayefanya hivyo bila kukumbushwa, mpe kazi, hata kama mistari yake bado ina mawimbi. Mistari atajifunza. Asiyezima, mlipe ya siku hiyo na umwage.